Ploti Niliyowauzia Haikuwa Tupu

Wasee, leo sina vichekesho. Leo nimekuja kukiri.

Wale mlio hapa tangu mwaka jana mnaikumbuka ile video ya ploti za Tezo. Sekunde hamsini na kitu. Droni inapanda polepole, mimi chini nimevaa shati la maua, nimenyoosha mikono kama nimeshinda uchaguzi, nasema: "Kilifi bana! Ploti tupu, hamsini kwa mia, dakika kumi hadi bahari, unalipa mdogo mdogo!" Hiyo video ilitazamwa na watu wengi kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka hapa. Mlijaa kwenye komenti. "Nitumie namba." "Hii ndo yangu." "Nairobi imenichosha, nakuja." Nililipwa elfu nane. Kwa mtu aliyekuwa anadaiwa kodi ya miezi miwili pale Kibaoni, hiyo ilikuwa pesa, tena pesa ya maana.

(Dakika kumi zenyewe, tuseme ukweli, ni kama una pikipiki, barabara haina matope na hujakutana na ng'ombe.)

Sasa sikia. Ploti haikuwa tupu, na mimi nilijua siku hiyohiyo.

Upande wa kushoto, pale ambapo droni haikugeuka, kulikuwa na nyumba ya udongo yenye makuti, mkorosho mkubwa, na minazi kama kumi na mitano hivi. Kulikuwa na mama anaanua nguo. Tena kulikuwa na mgema juu ya mnazi, na ilibidi turudie kupiga mara tatu kwa sababu kila droni ikipanda, mzee wa watu anaingia kwenye picha na kibuyu chake. Nikamuuliza broka, hawa ni nani? Akaniambia, "Hao ni maskwota tu. Wataondoka. Wewe piga upande ule." Nikapiga upande ule. Kazi yangu, ukiiangalia vizuri, nusu yake ni kuchagua nini kisionekane.

Miezi mitatu baadaye nikaamka na ujumbe wa sauti wa dakika sita. Ni dada mmoja anayenifuata hapa, anasuka nywele Nairobi. Yeye na ndugu zake wawili walichanga laki moja wakatoa kama malipo ya kwanza, kati ya laki tatu na nusu. Akapanda basi la usiku kuja kuona mali yake. Akamkuta yule mama. Hakufukuzwa, hakutukanwa. Alipewa dafu na kiti, halafu akaulizwa: "Mwanangu, wewe ni wa nne. Nani anawatuma?"

Niliusikiliza huo ujumbe nikiwa kitandani, nikarudia hapo tu. Nani anawatuma. Jibu nilikuwa nalo. Ni mimi, na shati langu la maua.

Jumamosi iliyofuata nikaenda mwenyewe, bila droni. Nikabisha hodi kama mtoto wa watu, nikamsalimia kwa Kigiriama, nikamwita hawe kwa sababu umri wake ni wa bibi yangu. Nikamwambia mimi ndiye yule kijana wa kamera. Alicheka kidogo, akasema alifikiri ile ni ndege ya kunyunyiza dawa ya mbu. Kisha akanizungusha. Pale nyuma ya mkorosho kuna makaburi matatu: mumewe, baba mkwe, na mtoto aliyefariki akiwa mchanga. Hana karatasi. Nikimuuliza mwaka, ananionyesha mnazi. Huu ulipandwa na baba mkwe kabla yeye hajaolewa. Ule ulipandwa alipozaliwa kifungua mimba wake, ambaye sasa ana watoto wa sekondari.

Mkiwa mmezaliwa Umoja au Kayole hii inaweza kuonekana kama hadithi tu, lakini mnazi ni ushahidi. Mnazi mrefu wa kwetu huchukua kama miaka sita hadi kumi kabla ya kuzaa, na ukishaanza unaweza kukuzalia zaidi ya miaka hamsini. Hakuna mvamizi wa jana aliyepanda mnazi ukamzalia leo. Huku kwetu mti hata unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine: mtu anaweka rehani minazi yake na shamba linabaki pale pale. Mombasa nako kuna nyumba bila shamba, yaani nyumba ni yako kabisa, umejenga wewe, lakini ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mwingine na kila mwezi unamlipia. So ukija Pwani na swali moja tu, "Hii ni ya nani?", jua unaweza kupata majibu matatu na yote yakawa ya kweli.

Lakini mbona hawe hana karatasi? Hapa ndipo wengi wenu huandika "wapwani ni wavivu, walikuwa wapi wengine wakichukua taitodidi?" Walikuwa hapa hapa. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hati za ardhi kwa ukanda huu wa Pwani. Ilisema hivi: kama una dai la ardhi, lete dai lako liandikwe, ardhi isiyodaiwa inakuwa ya serikali, ya Mfalme wa Uingereza. Waliokuwa karibu na ofisi, wanaojua kusoma na wenye mashamba ya mtu binafsi, walidai wakapata. Wamijikenda wengi walikuwa wanamiliki kwa ukoo, tangazo halikuwafikia au halikuwa na maana kwao, kwa sababu nani anaenda kuandikisha makaburi ya babu yake? Kalamu ikapita. Watu wakalala wakiwa wenyeji wakaamka wakiwa maskwota, na hawajahama hata hatua moja. Uhuru ukaja 1963, na hati zile zikaendelea kuwa hati.

Kwa hiyo ukisikia "skwota" huku kwetu, usifikirie mtu aliyeruka ukuta usiku. Mara nyingi ni mtu aliyekuwepo kabla ya ukuta.

Najua kuna wakili mwanafunzi hapa anataka kuniambia, "Buda, hati ni hati." Sawa. Tuende kwa sheria basi, maana baada ya ile Jumamosi nimesoma kuliko nilivyosoma KCSE.

Kwanza, ukifanya sachi rasmi kwenye msajili wa ardhi, utaona jina la mwenye hati, ukubwa, kama kuna mkopo wa benki au zuio la mahakama. Fanya, tafadhali, hiyo si ya kujadili. Lakini sachi haikuonyeshi mama anayeanua nguo. Na sheria inamjua huyo mama. Mtu akikaa kwenye ardhi ya mtu binafsi miaka 12, waziwazi, bila ruhusa ya mwenyewe na bila kusumbuliwa, anaweza kwenda mahakamani kudai iandikwe jina lake. (Kwa ardhi ya serikali hiyo haifanyi kazi, msije mkaenda kupiga hema kwa DC.) Na sheria ya usajili wa ardhi ya 2012 inatambua haki za namna hiyo hata kama hazijaandikwa popote kwenye rejista. Yaani unaweza kununua hati safi kabisa, na kesi imekuja nayo ndani kama mchwa kwenye boriti.

Halafu kuna hii ya Nyali, ambayo kila mtu anayeota ploti ya beach anafaa kuijua. Kiwanja kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1989, na aliyepewa si mwingine ila Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi. Baadaye kikauzwa, kikapita mikono mingine, hadi kikafika kwa kampuni inayoitwa Dina Management. Mwaka 2017 Kaunti ya Mombasa ikaja ikabomoa ukuta, ikisema hapo ni nafasi ya umma na watu wanahitaji njia ya kufika baharini. Kampuni ikaenda mahakamani, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Tarehe 21 Aprili 2023 majaji wakasema: hati ni matokeo ya mwisho ya mchakato, na mchakato ukiwa mbovu tangu mwanzo, hati haikulindi, hata kama wewe ulinunua kwa nia njema. Soma tena hapo kwa nia njema. Ulilipa, una risiti, una hati, hukumwibia mtu. Na bado umepoteza.

Kama ardhi iliyowahi kuwa na jina la Rais inaweza kurudi, yako ya kulipa mdogo mdogo kupitia broka mwenye namba mbili za simu na hana ofisi iko salama kiasi gani?

Na mchanga wenyewe, ule unaofunikwa na kufunuliwa na maji, hakuna anayeweza kukuuzia. Katiba ya 2010 inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Ukiona tangazo linalosema "hadi ndani ya maji", cheka uendelee na maisha.

Wacha niguse na hesabu, maana nimegundua hata sisi tunaotangaza hatujui tunachosema. "Moja ya nane" na "hamsini kwa mia" si kitu kimoja. Ekari ni futi za mraba 43,560, kwa hiyo moja ya nane ni 5,445. Hamsini kwa mia ni 5,000 kamili. Tofauti yake ni kama chumba kizima na choo chake. Sasa chukua ekari moja iliyo mraba, kila upande ni kama futi 208. Broka anakwambia zinatoka ploti nane. Zipange mistari miwili, nne kwa nne: zimekula futi 200 kwa 200. Kinachobaki kwa barabara ni futi nane na kidogo. Lori la mawe halipiti. Gari la kunyonya choo halipiti. Jeneza litapita, lakini wabebaji wapange mstari. Zile ploti za video yangu zilikuwa nane kwa ekari. Mimi mwenyewe nilitamka "barabara za kutosha", kwa mdomo huu.

Na kama shamba bado ni la kilimo kwenye rekodi, kuligawa na kuliuza kunahitaji idhini ya bodi ya ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu mkubaliane. Bila idhini, mkataba ni bure mbele ya sheria, ingawa pesa yako unaweza kuidai kama deni. Nikamuuliza broka wetu kuhusu idhini. Akaniambia, "Hizo ni za baadaye." Maji pia ni ya baadaye. Stima ni ya baadaye. Pesa pekee ndiyo ya leo.

Eti maji. Unachimba kisima karibu na bahari unapata chumvi, na maji ya mfereji tunayotumia Kilifi yanatoka mbali kule Baricho, kwenye mto Sabaki, siku yakikumbuka kuja. Lakini hiyo nitaifanyia video yake.

Sasa kuna wale watakaoniambia nazuia maendeleo, na kuna wale wa hapa nyumbani watakaosema kitu kigumu zaidi: "Mbona hutaji kwamba ni sisi wenyewe tunauza?" Nataja. Ami yangu aliuza nusu ekari ya familia ili anunue pikipiki. Hakutuuliza, na bibi aliambiwa baada ya vigingi kuwekwa. Pikipiki ilifanya kazi kama mwaka mmoja na nusu, ikafa, mpaka leo fremu yake imeegemea choo na kuku wanataga hapo. Sikumlaumu sana, na hapo naongea kama mtu aliyepokea elfu nane. Mtu akiwa na mtoto aliyefukuzwa karo, na mtu mwingine amesimama mlangoni na noti, hamna semina ya historia itakayomzuia. Ninachokataa ni ule uongo kwamba alikuwa anauza kitu kitupu. Kulikuwa na mihogo. Kulikuwa na njia ya watoto kwenda kuchota maji.

Na unajua aliyenunua alifanya nini? Alijenga ukuta, akaweka geti jekundu, akaondoka. Hajarudi. Ni miaka sasa. Ndani kumeota msitu, nyoka wamehamia, na watoto wanazunguka mbali kufika bombani. Ndipo nikaelewa kitu ambacho hakuna tangazo linakwambia. Lile shamba halikuwa tupu lilipouzwa. Limekuwa tupu baada ya kuuzwa. Pita na matatu kutoka Mtwapa hadi Kilifi, hesabu kuta za mawe zisizo na paa ndani. Hizo ndizo ploti tupu za kweli, na hizo hazina tangazo, zinangoja bei ipande. Wakati huohuo mimi na wenzangu tuliozaliwa hapa tunalipa kodi kwenye chumba kimoja, na tukitaka kununua tunaambiwa bei ya mtu wa Nairobi, ambayo imepanda kwa sababu ya video kama yangu. Nimejipandishia kodi mwenyewe, kwa elfu nane.

Simwambii mtu asinunue Kilifi. Njoni. Kuna watu wamekuja, wamenunua vizuri, wamejenga, watoto wao wanacheza mpira na wetu na siku ya msiba wanaleta unga. Nawaambia tu hivi: kabla hujatuma shilingi, kanyaga vigingi vyote vinne kwa miguu yako. Nenda siku ya kazi, bila broka, uvae kawaida. Mtafute mzee wa mtaa, kaa, kunywa chai, uliza ardhi ilikuwa ya nani kabla ya huyu na kabla ya yule. Majirani wawili au watatu wakinyamaza ghafla ukitaja jina la muuzaji, huko kunyamaza ndiko sachi yenyewe. Ukiona kaburi, uliza la nani. Ukiona mnazi unazaa, uliza nani anagema. Muuzaji akiwa na mke, na hapo ndipo wanapoishi, mke lazima akubali, na hiyo ni sheria, sio heshima tu. Na wakili awe wako, sio yule "wakili wetu sote" wa broka.

Na kwa sisi wenye kamera, hii ndiyo maneno iliyonifanya nikae kuandika badala ya kupiga video. Tunajua kufanya mahali paonekane hapana mtu. Ukipandisha droni mita themanini, nyumba ya makuti ni doa la kahawia tu, na mama ni nukta. Mkoloni mwaka 1908 alihitaji ramani na wino. Sisi tunahitaji kugeuza kamera kidogo kulia. Kuanzia sasa tangazo la ardhi kwangu halipiti kama sijatembea shamba lote, sijaongea na walio ndani na majirani, na sijaona sachi ya wiki hiyo. Na kama kuna mtu anaishi hapo, ataonekana kwenye video akitaka kuonekana, na mtamsikia kwa sauti yake mwenyewe. Najua hii inamaanisha sitapata matangazo mengi. Mwezi uliopita nilipata sifuri.

Mnaniuliza yule dada ilikuwaje. Amerudishiwa elfu sitini mpaka sasa, kidogo kidogo, baada ya wakili kuandika barua na mimi kukubali kutoa ushahidi wa ujumbe wote tulioandikiana na broka. Zile elfu nane zangu nilimtumia yeye, kwa awamu mbili, na hakunishukuru, na sikutarajia. Video nimeitoa, lakini kuna kurasa zingine zimeichukua zinaendelea kuirusha, kwa hiyo mkiona shati la maua mahali, ripotini tafadhali. Hawe bado yuko pale. Wajukuu wake wamejiunga na familia zingine tisa za jirani wanatafuta msaada wa kisheria, na wameniomba niwapigie picha za minazi, makaburi na nyumba, na tarehe ionekane. Droni ileile. Safari hii nimeelekeza kushoto.

Na wiki jana broka amenitafuta tena. Ana ploti zingine, upande wa Mnarani, anasema hizi ni safi kabisa, tupu kabisa, na anatoa elfu kumi na tano. Nikamjibu, sawa, naweza kuja kesho asubuhi na mzee wa mtaa wa huko?

Tiki mbili za bluu. Mpaka leo.